Lango la Wahalifu: Uhamisho, Kifungo au Kutupwa?

Katika darasa la tafsiri tuliwapa wanafunzi kazi ya kusimulia kwa Kiswahili sehemu ya mwanzo ya filamu ya Superman ya mwaka 1978. Sentensi moja ilizua kicheko: "Jenerali Zod na wenzake wawili walipewa uhamisho wa milele." Aliyelelewa na mzazi mwalimu au askari anaujua uhamisho wa aina hiyo. Barua inatoka makao makuu, mtu anafunga virago na kuhamia wilaya nyingine, mshahara ukimfuata. Kicheko kilipotulia, tulibaki na swali ambalo hatukuweza kulijibu papo hapo: kama si hivyo, tuseme nini? Makala haya yanaeleza tulikofikia.

Hadithi yenyewe

Katika bunilizi za kifantasia na za kisayansi kuna jambo linalojirudia: jamii isiyotaka kuua wahalifu wake inawapitisha katika lango linaloelekea ulimwengu mwingine, kisha inalifunga. Mfano unaojulikana sana ni ule wa sayari ya Krypton, alikozaliwa Superman. Katika vitabu vya katuni vya Marekani, lango hilo lilitokea kwa mara ya kwanza katika toleo la 283 la Adventure Comics, Aprili 1961. Lilikuwa chombo kilichomulika mtu kwa miali na kumwingiza mahali panapoitwa kwa Kiingereza Phantom Zone. Mfungwa wa huko hazeeki, wala hana mwili wa kugusa kitu. Anawaona walio hai lakini wao hawamwoni.

Katika filamu ya 1978, Zod, Ursa na Non wanahukumiwa na baraza la wazee, huku Jor-El, baba yake Superman, akiwa ndiye mwendesha mashtaka. Kisha wanafungiwa ndani ya kitu bapa kama kioo kinachozunguka na kutokomea angani. Baadaye Krypton inalipuka, na karibu wote waliotoa hukumu wanaangamia. Waliohukumiwa wanabaki hai, kwa kuwa hawakuwapo.

Mlango au lango?

Wanafunzi wengi waliandika "mlango". Si kosa, ila neno hili lina kazi nyingi: mlango wa nyumba, mlango wa kitabu kwa maana ya sura, mlango wa ukoo, na mlango bahari. Lango ni ukubwa wa mlango, nalo limekwisha kuzoeleka kwa maingilio ya mji, ya boma na hata ya uwanja wa mpira, ambako mlinda lango husimama. Kwa kuwa linalozungumziwa si la nyumba ya mtu bali la jamii nzima, sisi tunapendekeza lango. Tukumbuke upatanisho: lango hili, malango haya, si lango huu.

Jina la mahali penyewe lilitutaabisha zaidi. "Mzuka" hutokana na kuzuka, yaani kutokea ghafla, ilhali wafungwa hawa tabu yao ni kwamba hawawezi kuzuka. Isitoshe, vijana wa Tanzania hutumia "mzuka" kwa maana ya msisimko na furaha. "Mzimu" nao ni wa mtu aliyekufa, na kwa wengi ni wa babu anayeheshimiwa. Zod hajafa wala haheshimiwi. Tulikubaliana na "Nchi ya Vivuli": kivuli kipo, kinaonekana kwa nadra, lakini hakishiki kitu.

Uhamisho na jamaa zake

Hapa ndipo penye kiini cha mjadala. Kitenzi hama huzaa hamia, hamisha, hamishwa na hamishiwa. Nomino uhamisho imebeba maana mbili: kubadilishwa kituo cha kazi, na kuondolewa nchini kwa nguvu. Wasomaji wa Biblia wanaujua uhamisho wa Babeli, na hawadhani kwamba Wayahudi walipandishwa vyeo.

Kinachotenganisha maana hizi mbili ni maneno yanayoandamana na nomino hiyo. Mtu "hupata" au "hupewa" uhamisho wa kazi. Lakini "hupelekwa uhamishoni" au "huishi uhamishoni" anapoondolewa kwao. Kiambishi -ni kinageuza tendo kuwa mahali, na mahali hapo hapatamaniki. Mwanafunzi wetu basi hakukosea nomino. Alikosea kitenzi kinachoitangulia, na jibu la swali letu lilikuwa herufi mbili tu mwishoni mwa neno.

Maneno mengine ya jamii hii yanapishana kwa mwelekeo. Kufukuza kunatazama mahali mtu anapotoka. Aendako ni shauri yake. Kutenga kunatazama watu aliotengwa nao, na kunaweza kutendeka hata ndani ya kijiji kimoja. Mkimbizi amekimbia kwa miguu yake, hata kama alisukumwa na hofu. Aliyehamishwa amepelekwa na mkono wa mwingine. Katika nchi zetu tofauti hii si ya kamusi tu. Darasani mwetu hukaa vijana waliozaliwa kambini na wengine waliolelewa ugenini, na neno moja likitumika ovyo humwambia mtu kwamba wazazi wake walihukumiwa, wakati walinusurika.

Halafu kuna kufunga. Kiswahili kinatumia kitenzi hicho hicho kwa mlango na kwa mtu: mlango umefungwa, mtu amefungwa. Kwa lango la Krypton, tendo moja linatimiza yote mawili. Ndiyo maana mwanafunzi aliyeandika "lango lilifungwa nao wakafungwa" alipata alama nzuri kuliko sisi tuliokuwa tumeandaa jibu la mfano.

Wapo, wako, wamo

Hadithi hii ni zana nzuri ya kufundishia ngeli za mahali. Mbele ya baraza, wahalifu wapo: mahali ni mahususi, panaonekana. Wakiwa ndani ya kile kioo, wamo. Kioo kikishatokomea, wako: mahali ni pa jumla, hapajulikani vizuri. Wanafunzi wanaozungumza Kiganda wajihadhari. Kiganda nacho kina ku, lakini ku yake mara nyingi ni ya juu ya kitu, kama juu ya meza. Ku ya Kiswahili ni ya mbali au ya pasipo na mipaka. Anayesema "wako kiooni" akikusudia "wamo" amewatoa wafungwa nje bila idhini ya baraza.

Mtupa jongoo

Wahenga walisema: mtupa jongoo hutupa na mti wake. Watu wa Krypton walimtupa jongoo lakini mti wakabaki nao, yaani kile chombo na imani kwamba kilicho nje ya lango hakiwahusu tena. Katika filamu ya pili, ya mwaka 1980, bomu la haidrojeni lililotoka Paris linalipuka angani na kukivunja kioo. Wafungwa wanatua duniani kudai deni kwa mtoto wa aliyewashtaki. Lango halikumaliza kesi, liliikabidhi kwa kizazi kingine.

Katuni zenyewe ziliona kasoro nyingine mapema. Mwaka 1962 ilitolewa hadithi ya Quex-Ul, mfungwa aliyemaliza muda wake katika Nchi ya Vivuli. Baada ya kutolewa ikabainika kwamba hakuwa na hatia. Naye Mon-El, katika hadithi ya 1961, aliingizwa humo bila kosa lolote, ili sumu ya risasi isimuue kabla dawa haijapatikana. Lango moja, basi, lilikuwa gereza kwa mmoja, dhuluma kwa mwingine na hospitali kwa wa tatu. Mfasiri akiandika "wahalifu wa Nchi ya Vivuli" kwa wote, ametoa hukumu ambayo hadithi haikuitoa.

Malango yaliyokuwa ya kweli

Tusidhani kwamba haya ni ya Krypton tu. Kati ya 1788 na 1868, Uingereza iliwafikisha Australia wafungwa zaidi ya 160,000. Lango lao lilikuwa meli. Huku kwetu lango lilikuwa kisiwa. Mwanga wa Buganda na Kabalega wa Bunyoro walikamatwa mwaka 1899 wakapelekwa Shelisheli. Mwanga alifia huko mwaka 1903. Kabalega aliruhusiwa kurudi mwaka 1923, lakini alifariki Jinja kabla ya kufika Bunyoro. Nchini Rwanda, Mwami Musinga aliondolewa na Wabelgiji mwaka 1931, akahamishiwa Kamembe, kisha Moba nchini Kongo, ambako alifariki mwaka 1944. Kabaka Mutesa wa Pili aliondolewa mwaka 1953, naye akarudi mwaka 1955 kwa shangwe kubwa.

Katika majalada ya wakoloni watu hawa walikuwa wakorofi walioondolewa kwa ajili ya amani. Kwa watu wao walikuwa wafalme walioporwa. Kiswahili kinatuwezesha kusema lolote kati ya hayo: "alifukuzwa", "alihamishwa", "alifungwa", "alitupwa". Kila moja ni sahihi kisarufi, na kila moja linamweka msemaji upande fulani.

Zoezi kwa darasa

Tunawashauri walimu wenzetu wajaribu zoezi hili. Wape wanafunzi kisa kimoja cha lango, kiwe cha Zod au cha Kabalega, wakisimulie mara tatu: kwa sauti ya hakimu, ya aliyepitishwa langoni, na ya mama yake aliyebaki. Kisha wapigie mstari vitenzi vyote vya kuondoka na kuondolewa, na wajadili kwa nini havikufanana. Sisi tulipofanya hivyo, sauti ya mama haikutumia neno uhamisho hata mara moja. Wengi waliandika tu: "Walimchukua."

Jibu letu la mfano sasa linasomeka hivi: "Jenerali Zod na wenzake wawili walipelekwa uhamishoni katika Nchi ya Vivuli, na lango likafungwa nyuma yao." Mwenye pendekezo bora zaidi atuletee ofisini. Mlango wetu, tofauti na ule wa Krypton, hufunguka pande zote mbili.