Nguo za Mchakamchaka Zisifungiwe Sandukuni

Askari hukimbia kila alfajiri, lakini hafui kila alfajiri. Katika kambi nyingi za jeshi na za polisi, siku ya kufua hasa ni Jumamosi, au siku yoyote ile ambayo lindo na doria zimemwachia mtu nafasi. Na mwenye seti mbili za nguo za mazoezi yampasa azivae asubuhi tano au sita kabla siku hiyo haijafika. Hesabu hiyo haihitaji karani. Kila fulana itavaliwa mara mbili au tatu pasipo kuonja sabuni. Swali tulilo nalo leo ni hili: baada ya mbio za Jumatatu, na kabla ya mbio za Jumatano, fulana ile hukaa wapi, na hukaa katika hali gani?

Wengi wetu jibu tunalijua, nalo si jibu zuri. Fulana hukunjwa ingali mbichi, ikatiwa katika mfuko wa nailoni, na mfuko ukasukumwa chini ya kitanda au ndani ya sanduku, kwa kuwa saa ya chai imekwisha fika na gwaride halimngoji mtu. Jioni sanduku linapofunguliwa, chumba kizima hupata habari. Wapo wanaonyunyiza manukato juu ya nguo hiyo na kuendelea na safari. Hao huwapa wenzao harufu mbili badala ya moja.

Ndugu zetu askari, jasho lenyewe halina hatia. Litokapo mwilini ni maji yenye chumvi, na karibu halina harufu yoyote. Uvundo huja baadaye, wakati bakteria waishio juu ya ngozi ya kila mwanadamu wanapokula mabaki ya jasho na kutoa taka zinazonuka. Na huzidi makwapani na kinenani, ambako zimo tezi zitoazo jasho zito lenye mafuta na protini. Vijidudu hivyo vyataka chakula, unyevu na joto. Fulana mbichi iliyofungwa katika nailoni huvipa vyote vitatu, navyo huzaana mchana kutwa wakati mwenye nguo yuko kazini. Basi anayetaka kuvishinda na aondoe unyevu kwanza, maana sabuni yaweza kungoja hadi Jumamosi.

Jambo hili lisidhaniwe kuwa ni la usafi wa chumbani tu. Katika Vita Kuu ya Kwanza, ya mwaka 1914 hadi 1918, maelfu ya askari katika mahandaki ya Ufaransa na Ubelgiji waliharibikiwa miguu kwa kukaa na soksi na buti zilizolowa, hata jeshi la Uingereza likatoa amri kwamba soksi zibadilishwe kila siku na maafisa wakague miguu ya watu wao. Nusu karne baadaye, huko Vietnam, Divisheni ya 9 ya jeshi la Marekani, iliyopigana katika mashamba ya mpunga ya mto Mekong, ilipoteza siku nyingi za kazi kwa magonjwa ya ngozi. Na mwaka 1968 ilibidi iwekwe kanuni kwamba kikosi kisikae majini zaidi ya saa 48 kabla ya kutolewa kwenda kukauka. Askari mwenye choa kinenani hawezi kutembea kilomita 20, hata awe hodari namna gani.

Tuje kwenye kazi yenyewe. Mara tu mbio zikiisha, nguo ivuliwe, igeuzwe ili upande wa ndani uwe nje, kwa sababu huko ndiko jasho na vijidudu viliko, kisha isuuzwe kwa maji matupu katika beseni. Lita tatu zatosha kwa fulana na bukta, na shughuli yote haifiki dakika tano. Asiyeamini na atazame rangi ya maji yale. Ikamuliwe, ilazwe juu ya taulo kavu, taulo likunjwe kama mkeka pamoja na nguo ndani yake, kisha likanyagwe kwa miguu; taulo litanyonya maji ambayo mikono haikuweza kuyatoa, na nguo itakauka mapema zaidi. Katika chuo cha makadeti, ambako kila dakika ilikuwa na mwenyewe, ufundi huo wa taulo ndio uliotuokoa siku za mvua.

Isilowekwe ndooni usiku kucha kwa kungoja siku ya kufua. Maji yaliyolala na nguo chafu ni shamba la vijidudu. Nguo ambayo uvundo umeiingia, hata hautoki kwa sabuni, yafaa kuwekwa nusu saa katika beseni la maji yaliyotiwa kikombe kimoja cha siki nyeupe, kisha ifuliwe kama kawaida. Lakini siki isichanganywe kamwe na dawa ya kung'arisha nguo nyeupe. Vikikutana hutoa gesi ya klorini, ile ile iliyofunguliwa juu ya askari huko Ypres mwezi wa Aprili 1915.

Kitambaa nacho kina neno lake. Fulana nyingi za michezo siku hizi ni za poliesta, uzi uliobuniwa Uingereza mwaka 1941. Pamba hunywa maji na kuyashika. Poliesta hainywi karibu chochote, na ndiyo sababu hukauka upesi. Hata hivyo hushika mafuta ya mwili, na harufu pamoja nayo. Mwaka 2014 wataalamu wa Ghent, Ubelgiji, walichapisha uchunguzi wa fulana za watu 26 waliofanya mazoezi ya baiskeli, wakaona kwamba zile za poliesta zilinuka vibaya kuliko za pamba, na kwamba aina fulani ya bakteria hustawi zaidi juu ya uzi huo. Sisi twaona hivi: mwenye maji kila asubuhi achague poliesta, maana ataisuuza na kuivaa tena kesho yake, aliye mahali pa shida ya maji heri akae na pamba, aianike juani kila mara. Dawa za kulainisha nguo zisitiwe katika poliesta, kwa kuwa huacha utando unaofungia uchafu ndani.

Kuanika ndiko kwenye mashaka. Askari aliye Moroto hutundika fulana na kuikuta kavu upesi. Mwenzake wa Kabale, katika baridi na ukungu wa milimani, huweza kungoja siku mbili. Mvua za Machi hadi Mei, na zile za Septemba hadi Novemba, huwarudisha watu wengi ndani na kamba zao. Na wanaozijua nyumba za mabati za duara za polisi wa Uganda, zile walizozipa jina la “mama ingia pole”, wanafahamu kwamba kamba ikipita ndani yake hupita juu ya kitanda, juu ya jiko na juu ya vichwa vya watoto. Hapo nguo na iwekwe karibu na mlango, kila moja kwenye hanga yake, zisigusane, upepo upite katikati. Nguo zilizorundikana juu ya msumari mmoja huota kawa hata kama hazikufungiwa mfukoni.

Nje nako yuko mvamizi wake, naye ni yule nzi ambaye wengi humwita nzi wa maembe. Jike hutaga mayai mamia, naye hupenda mchanga wenye mkojo au nguo mbichi zilizoanikwa kivulini. Mayai huanguliwa baada ya siku moja hadi tatu, na kijibuu kile chaweza kukaa katika nguo hadi wiki mbili kikingoja joto la mwili. Nguo ikivaliwa hujipenyeza ngozini pasipo mtu kuhisi, na kwa siku nane hadi kumi na mbili hukua ndani ya uvimbe ambao mgonjwa huudhania jipu la kawaida. Kwa hiyo nguo zianikwe kwenye jua kali, zisiachwe chini ya mwembe wala kutandikwa juu ya nyasi, kisha zipigwe pasi pande zote mbili, hasa kwenye mishono na mpira wa kiunoni. Poliesta yataka pasi ya moto wa wastani, maana pasi kali ya mkaa huiunguza. Nguo isiyoweza kupigwa pasi, kama vile sidiria za mazoezi za askari wanawake, ni afadhali ikaushwe ndani ya nyumba. Aliyekwisha vamiwa asitumie pini wala wembe. Aende zahanati, huko watamfunika kijibuu kwa mafuta mazito kikose hewa, kisha watakitoa kizima.

Soksi na chupi hazihesabiwi katika mambo haya ya kuvaa mara mbili. Hizo hubadilishwa kila siku, na kama hakuna nyingine hufuliwa usiku huo huo. Mwenye fangasi za miguu avae soksi kabla ya chupi, ili miguu isipite katika chupi na kuupeleka ugonjwa kinenani. Taulo lake pia lisiazimwe. Na mafuta ya ngozi yenye steroidi, ambayo hununuliwa ovyo madukani kwa kuwa huondoa mwasho upesi, huulisha ugonjwa huo badala ya kuuponya.

Neno hili twalielekeza kwa wakuu wa vikosi. Askari anayetoka mbioni saa moja kasorobo na kutakiwa gwarideni saa moja kamili hana namna ila mfuko wa nailoni. Dakika kumi na tano, mapipa mawili ya maji na kamba ndefu iliyofungwa penye jua havihitaji fungu jipya la fedha, navyo vitapunguza foleni ya zahanati kuliko hotuba nyingi.

Vimebaki viatu. Raba haziwezi kusuuzwa kila siku, wala hazipaswi kuchomwa motoni, maana gundi huachia. Zitolewe soli za ndani, ulimi uvutwe nje, kamba zilegezwe, na ndani ya kila kiatu lisokomezwe gazeti kuukuu. Baada ya saa mbili litolewe, litakuwa limelowa, litiwe jingine kavu. Ukurasa huu nao wafaa kwa kazi hiyo, ukishasomwa.