UBAO WA KUPANDIA MAWIMBI MADOGO

Mtu aonapo picha za mchezo wa kupanda mawimbi hudhani kuwa kazi yote ni ya miguu ya mchezaji. Sivyo. Sehemu kubwa ya kazi hufanywa na ubao, na jambo hili huonekana hasa wimbi likiwa dogo. Wimbi kubwa laweza kusukuma hata gogo. Wimbi dogo halina nguvu za kupoteza. Nami napenda kueleza sababu zake kwa kifupi, maana zimo katika fizikia tusomayo darasani.

Kwanza tutazame wimbi lenyewe. Katika maji machache, mwendo wa wimbi hutegemea kina. Zidisha kina kwa 9.8, kisha utafute kipeuo cha pili. Tena, wimbi huvunjika kimo chake kikifika karibu sehemu 8 katika 10 za kina cha maji. Basi wimbi la nusu meta huvunjika penye kina cha sentimeta 64 hivi, na mwendo wake ni kama meta 2½ kwa sekunde. Wimbi la meta 2 huenda kama meta 5 kwa sekunde. Mwendo ni mara mbili tu, lakini nguvu iliyomo katika kila meta ya mraba ni mara 16.

Pili, tukumbuke kanuni ya Archimedes. Ubao wa lita 30 wenye uzito wa kilo 3 waweza kueleza kilo 27 tu. Kijana wa kilo 60 akisimama juu yake palipo shwari, atazama. Kinachomchukua ni mwendo: maji hugonga chini ya ubao na kuusukuma juu, kama kijiwe bapa kirukacho juu ya maji ya bwawa. Mwendo ukipungua nusu, msukumo huo hupungua hata ukabaki robo. Dawa yake ni kuongeza eneo. Kwa hiyo ubao wa mawimbi madogo huwa mpana, hasa upande wa tezi, tena huwa umenyooka. Ubao ulioinuka sana omo wafaa mahali wimbi lilipo kali, usije ukachimba maji. Penye wimbi dogo huyasukuma maji mbele yake kama kijiko, na mwendo hupotea. Mwaka 1967 Steve Lis wa San Diego, Marekani, alitengeneza ubao mfupi na mpana, wenye tezi iliyogawanyika kama mkia wa samaki. Mbao za namna hiyo zapendwa mpaka leo penye mawimbi madogo.

Tatu ni vitu vya kutengenezea. Wazee wa Hawaii walichonga mbao zao kwa miti kama koa na wiliwili. Ubao ulioitwa olo uliweza kupita meta 4 na kilo 60. Tom Blake alizichunguza mbao hizo za kale, akaanza kutengeneza zenye uwazi ndani ili kupunguza uzito; na mwaka 1935 akatia pezi chini ya tezi. Baadaye ulitumika mti mwepesi wa balsa uliofunikwa kitambaa cha nyuzi za kioo. Mwaka 1958 Hobie Alter na Gordon Clark walianza kutumia povu gumu la poliyurethani huko California.

Siku hizi namna mbili zimeenea. Ya kwanza ni povu hilo pamoja na gundi ya poliesta. Ya pili ni povu la polistairini, lililo jepesi zaidi, pamoja na gundi ya epoksi, maana gundi ya poliesta huliyeyusha povu hilo. Ubao mwepesi hugeuka upesi na huanza mbio kwa nguvu kidogo. Lakini una hasara zake: upepo ukichafua maji hurukaruka, na ukitoboka, povu la polistairini hunywa maji.

Wauzaji husifu wepesi kuliko yote. Mimi sikubali. Mchezaji wa kilo 60 na ubao wa kilo 3 ni kilo 63. Ukipunguza kilo moja umepunguza sehemu moja katika 63 tu. Faida yake miguu huiona wakati wa kugeuza, lakini haiwezi kuubeba ubao mwembamba juu ya wimbi hafifu. Umbo kwanza, vitu vya kutengenezea baadaye.

Wahenga walisema, mchagua jembe si mkulima. Walimkanya mvivu. Lakini mkulima hodari hajui kulima tu. Ajua pia jembe lipi lafaa udongo upi. Basi anayeanza mchezo huu asitoe fedha zake kununua ubao mwembamba wa mabingwa. Achukue mpana, mnene, ulionyooka, nao utamchukua hata siku ambayo bahari ina mawimbi ya magotini tu.