Video mahakamani: funzo la kambi ya Rwampara

Kila kukicha, wakaaji wa Ituri na Kivu hupokea kwenye telefone zao video za vijiji vinavyochomwa na raia wanaokimbia. Wengi husema: "Ushahidi ndio huu." Lakini mbele ya majaji, picha peke yake haitoshi.

Mfano wazi ulitoka Ituri yenyewe. Tarehe 12 Februari 2003, Thomas Lubanga, kiongozi wa kundi la UPC, alitembelea kambi ya mafunzo ya Rwampara, karibu na Bunia. Kamera ilimrekodi akiwa mbele ya wapiganaji, baadhi yao wakiwa watoto. Baadaye video hiyo ilifika La Haye, kwenye Mahakama ya Kimataifa ya Jinai, CPI.

Huko, karibu mashahidi wote waliosema walikuwa watoto askari hawakuaminiwa. Majaji waliona kwamba baadhi ya watu waliotumiwa na mwendesha mashtaka kutafuta mashahidi huenda waliwashawishi waseme uongo. Kesi ilitikisika, ila video ilibaki.

Hata hivyo, video nayo ilipimwa. Ilirekodiwa wapi na siku gani? Nani wanaonekana? Je, inalingana na maneno ya mashahidi wengine? Upande wa utetezi ulipinga kwamba umri wa mtu haujulikani kwa kumtazama tu. Majaji waliamua kuwahesabu wale tu ambao ni dhahiri walikuwa chini ya miaka 15.

Tarehe 14 Machi 2012, Lubanga alipatikana na hatia, kisha akafungwa miaka 14. Rufaa yake ilikataliwa Desemba 2014, ingawa jaji mmoja, Anita Ušacka, hakuridhika na jinsi umri ulivyothibitishwa.

Rekodi ya sauti ni ngumu zaidi, kwa sababu hakuna sura. Lazima apatikane mtu anayeitambua sauti hiyo, na maneno ya Kiswahili au Kilendu yatafsiriwe bila kupotoshwa.

Mwaka 2018, mahakama ya kijeshi ya Kivu Kusini ilipokea picha katika kesi ya mauaji ya Kalehe. Zilipigwa kwa programu ya telefone inayohifadhi saa na mahali, na inayoonyesha kama picha imebadilishwa.

Asiye na programu hiyo anaweza kufanya nini? Asifute rekodi ya kwanza, asiikate, wala asiongeze muziki au maandishi. Aandike pembeni tarehe, saa, mahali na jina la aliyerekodi, na karatasi hiyo aiweke mahali salama. Video inayotumwa kwa WhatsApp hupungua ubora na hupoteza habari zilizofichwa ndani yake.

Video iliyozunguka kwenye telefone elfu moja, bila mtu wa kusema "mimi ndiye niliyerekodi", inaweza kuwaliza watu wengi, lakini wakili wa mshtakiwa ataipinga kwa swali moja tu.