Hesabu za Shule na Safari za Angani

Mwalimu wa hesabu katika shule ya sekondari husikia mara nyingi ulizo hili: «Hesabu hizi zitatufaa nini?» Akijibu tu: «Zitawafaa siku ya mtihani», vijana watazikariri, na mtihani ukiisha watazisahau. Wengi wetu, wapadri na waseminari, tutapewa siku moja kufundisha somo hilo, hata kama hatukulichagua. Basi yafaa tujue njia moja iliyo nzuri: kutumia mahesabu yanayotoka katika safari za angani. Mwaka 1985 shirika la NASA la Marekani lilitoa kitabu kizima cha mahesabu ya namna hiyo kwa walimu wa sekondari.

Lakini tujihadhari. Mwalimu akisimulia tu habari za roketi, vijana watafurahi, bali hawatajua hesabu kupita jana. Lazima kijana ahesabu mwenyewe, kwa mambo aliyokwisha kujifunza. Tutoe mfano.

Kwanza: mzunguko. Kituo cha Kimataifa cha Anga kinazunguka dunia kwa urefu wa kilometri karibu 400 juu yetu, na mzunguko mmoja unachukua dakika karibu 92,5. Toka katikati ya dunia mpaka juu ya uso wake ni km 6 371. Tukiongeza 400 tunapata 6 771. Njia yake yote ni 2 × 3,14 × 6 771, maana yake km 42 522. Tugawanye kwa 92,5, kisha kwa 60: kituo kinakwenda km 7,66 kila sekunde. Toka Goma mpaka Bukavu, kwa mstari ulionyoka, ni km karibu 100. Kituo hicho kingeupita mwendo huo kwa sekunde 13!

Pili: ulinganifu. Tutazame antena za televisheni zilizofungwa juu ya nyumba. Hazigeuki hata kidogo. Mbona zinaendelea kuielekea satelite inayozunguka? Ni kwa sababu satelite hiyo iko juu ya ikweta, na inazunguka kwa muda ule ule ambao dunia inatumia kujizungusha: saa 23 na dakika 56, ndizo dakika 1 436. Je, iko juu kadiri gani? Wanafunzi wakisie kwanza, na makisio yao yaandikwe ubaoni.

Hapa Kepler atusaidie. Mwaka 1619 alitangaza sheria hii juu ya sayari: linganisha muda wa mizunguko miwili, na jibu ulizidishe kwa lenyewe, utapata sawasawa na ulinganifu wa umbali wake ukizidishwa mara tatu. Sheria hiyo inafaa pia kwa vitu vinavyozunguka dunia. Basi 1 436 ÷ 92,5 ni 15,52. Na 15,52 × 15,52 ni karibu 241. Namba gani ikizidishwa mara tatu inatoa 241? Ni 6,223, kwani 6,223 × 6,223 × 6,223 ni karibu 241. Tuzidishe 6 771 kwa 6,223: tunapata 42 136. Tuondoe 6 371: zinabaki km 35 765. Wataalamu wanaandika 35 786. Kijana mwenye chaki tu amepima mbingu, na amekosea km 21 tu, kwa sababu tulianza na namba za «karibu».

Tatu: vipimo. Tarehe 23 Septemba 1999 chombo cha Marekani, Mars Climate Orbiter, kilipotea kilipofika kwenye sayari ya Mars. Upande mmoja wa mafundi ulihesabu nguvu kwa pauni. Upande wa pili ulizisoma namba hizo kama nyutoni. Na pauni moja ya nguvu ni nyutoni karibu 4,45. Kwa hiyo chombo kilipita km karibu 57 juu ya sayari, badala ya zaidi ya 200. Mwanafunzi anayeandika «12» bila kusema ni metri au kilo, asomewe habari hiyo.

Kwa kumaliza, tunashauri mambo matatu. Hesabu moja ya namna hii kwa juma yatosha. Wanafunzi wakisie kabla ya kuhesabu. Tena kila jibu lichukue kipimo chake, hata katika hesabu ya unga na mafuta.