Mbio za mikondo: Kwa nini Pogačar ametangulia, na kwa nini Kakamega haimo orodhani

KATIKA viwanja vya Khayega na Shinyalu, Kaunti ya Kakamega, suala la ubingwa huamuliwa kabla ya jua kuwa kali. Fahali wawili hukutana asubuhi, husukumana kwa pembe, na yule anayegeuka na kukimbia ndiye aliyeshindwa. Hakuna hesabu nyingine.

Mbio za baiskeli za mikondo ni kinyume kabisa cha mchezo huo. Humo mwanaspoti anaweza kupitwa leo, kesho na kesho kutwa, lakini wiki ya tatu akatawazwa bingwa. Ndiyo sababu mashabiki hubishana bila kukoma wanapoulizwa ni nani aliye bora zaidi kwa sasa, kwani wengi huhesabu ushindi wa siku moja moja badala ya kutazama saa.

Kanuni ni nyepesi. Mbio kuu tatu za Ulaya, yaani Giro d'Italia, Tour de France na Vuelta a España, huwa na mikondo 21 kila moja. Muda anaotumia mwendeshaji katika kila mkondo hujumlishwa, na mwenye jumla ndogo zaidi ndiye mshindi. Katika mikondo ya tambarare kundi kuu hufika pamoja na hupewa muda mmoja, hivyo wanaowania taji hawapati wala kupoteza chochote. Tofauti hujitokeza milimani, na katika mikondo ambayo kila mmoja huendesha peke yake dhidi ya saa.

Mfano bora zaidi ni wa mzaliwa wa Nairobi. Chris Froome, aliyezaliwa mwaka 1985 na kufunzwa mchezo huu na David Kinjah huko Kikuyu, alitwaa Tour de France mwaka 2017 bila kushinda hata mkondo mmoja. Alimzidi Rigoberto Urán wa Colombia kwa sekunde 54 baada ya majuma matatu. Mwaka uliofuata alionyesha upande wa pili wa hesabu hiyo. Akiwa nyuma kwa zaidi ya dakika 3 katika Giro, alichomoka kwenye mlima wa Colle delle Finestre zikiwa zimesalia kilomita 80 hivi, akaendesha peke yake hadi mwisho na kuvaa jezi ya waridi. Kosa la siku moja halifutiki kwa urahisi, na vivyo hivyo siku moja ya ushujaa.

Kwa kipimo hicho, hadi msimu wa 2025 ulipomalizika, nafasi mbili za kwanza hazikuwa na utata mkubwa. Tadej Pogačar wa Slovenia, aliyezaliwa mwaka 1998, alikuwa ametwaa Tour de France mara nne, miaka ya 2020, 2021, 2024 na 2025, pamoja na Giro ya 2024. Jonas Vingegaard wa Denmark, aliyewahi kufanya kazi katika kiwanda cha samaki kabla ya kulipwa kwa kuendesha baiskeli, alikuwa na Tour mbili, za 2022 na 2023, na Vuelta ya 2025.

Wanaompendelea Vingegaard wana hoja, na haifai kupuuzwa. Mwaka 2023 alimshinda Pogačar kwa dakika 1 na sekunde 38 katika mkondo wa saa wa kilomita 22 tu, kisha akamwacha hoi milimani siku iliyofuata. Tofauti ya mwisho ilikuwa dakika 7 na sekunde 29. Lakini mwaka 2024 Pogačar alishinda kwa dakika 6 na sekunde 17, na mwaka 2025 kwa dakika 4 na sekunde 24. Mizani imeelemea upande mmoja.

Nafasi ya tatu ndiyo yenye kuleta ugomvi. Primož Roglič, aliyeanza maisha ya michezo kwa kuruka na skii, alikuwa na Vuelta nne na Giro moja, ila umri ulikuwa umemsogelea. Remco Evenepoel wa Ubelgiji ni hodari kupindukia dhidi ya saa, na alishinda Vuelta ya 2022, lakini milima mirefu inapofuatana siku baada ya siku huwa anayumba. João Almeida wa Ureno alishinda mwaka 2025 mbio tatu za wiki moja, za Basque, Romandie na Uswisi, kisha akawa wa pili katika Vuelta, dakika 1 na sekunde 16 nyuma ya Vingegaard. Kwa rekodi, nafasi ni ya Roglič. Kwa miguu ya mwaka 2025, ni ya Almeida, na orodha ya sasa hupangwa kwa miguu.

Mkazi wa Kakamega anaweza kuuliza jina la kwao liko wapi. Swali hilo si la mzaha. Magharibi mwa Kenya ndiko bodaboda ilikozaliwa, kwenye mpaka wa Busia, na kwa miaka mingi vijana walipakia abiria, magunia ya mahindi na miwa juu ya baiskeli aina ya Black Mamba kabla ya pikipiki kuwapokonya kazi. Baiskeli ya mashindano hairuhusiwi kupungua kilo 6.8; ile ya mzigo huwa nzito mara tatu hata kabla abiria hajakalia karia. Barabara ya kutoka Kisumu kupitia Kiboswa, Majengo, Mbale na Chavakali ina mwinuko wa kutosha kumchuja mtu.

Mapafu na milima basi si tatizo. Tatizo ni kwamba mwendeshaji hawezi kujisajili Tour de France kama mkimbiaji anavyofika kwenye mbio za marathoni na viatu vyake. Timu ndizo hualikwa, kila moja na watu wanane, na saba kati yao humkinga kiongozi dhidi ya upepo na kumletea maji. Baiskeli moja ya kiwango hicho yaweza kupita Sh1 milioni. Froome mwenyewe aliiwakilisha Kenya katika Michezo ya Jumuiya ya Madola ya 2006, kisha mwaka 2008 akahamia leseni ya Uingereza.

Majirani wameonyesha njia. Biniam Girmay wa Eritrea alishinda mikondo mitatu na jezi ya kijani ya Tour de France mwaka 2024. Rwanda iliandaa mashindano ya dunia jijini Kigali mwaka 2025, ya kwanza barani Afrika.

Kenya nayo ilikaribia. Mwaka 2017 Suleiman Kangangi alimaliza wa tatu katika Tour du Rwanda, nyuma ya Joseph Areruya wa Rwanda na Metkel Eyob wa Eritrea. Alifariki Agosti 27, 2022, akiwa na umri wa miaka 33, baada ya kuanguka mashindanoni Vermont, Marekani. Alikuwa nahodha wa Team Amani, kikosi kilichoundwa ili waendeshaji wa Afrika Mashariki wapate mbio za kushiriki ng'ambo.