Kooni kuna donge, vipimo vinasema hakuna kitu

Kila alfajiri, kabla hajawaamsha watoto kwenda shule, mama huyu mkazi wa Mbagala, Dar es Salaam, alikuwa akisimama mbele ya kioo, mdomo wazi, tochi ya simu mkononi, akitafuta kilichomkwama kooni. Hakuwahi kukiona. Lakini alikisikia: siku nyingine kama kidonge kilichogoma kushuka, siku nyingine kama mkono unaomkaba kwa mbali. Akimeza mate kipo. Akijikohoza kipo.

Ana miaka 38, ni fundi cherehani na mama wa watoto watatu. Ameomba jina lake lisitajwe kwa sababu mama mkwe wake mpaka leo hajui kwamba alikwenda kupimwa. Hofu yake haikutoka hewani. Shangazi yake alifariki kwa saratani ya umio, mrija unaopeleka chakula tumboni, na kwa shangazi nako mambo yalianza kwa kulalamika koo. Usiku, watoto wakishalala, alikuwa akipiga hesabu ya nani atawalea.

Kwa miezi saba aligonga karibu kila mlango. Duka la dawa walimpa antibiotiki mara mbili kwa kudhani ni mafindofindo. Shoga yake alimshauri tangawizi na ndimu, akatafuna mpaka kifua kikawaka moto. Jirani mmoja mtu mzima akamwambia kwa uhakika kwamba kimeo kimerefuka, na akampa namba ya simu ya mzee anayekata. Fedha alishaziweka pembeni.

Hapa pana jambo la kusemwa bila kuzunguka. Kimeo ni kile kinyama kinachoning'inia nyuma ya koo, na kila binadamu anacho. Kukikata mtaani hakuondoi kikohozi wala donge, bali kunaweza kuleta kutoka damu kusikokoma, pepopunda, na hata maambukizi ya VVU iwapo wembe umeshapita kwa mwingine. Na wanaopelekwa huko mara nyingi ni watoto, ambao hawana uwezo wa kukataa.

Mama huyu hakukatwa. Mume wake alimbana kwanza aende kwa daktari wa masikio, pua na koo, na swali la kwanza aliloulizwa huko lilimshangaza: “Mama, ukila ugali, unakwama?” Alifikiri, akajibu hapana. Kisha akagundua jambo ambalo kwa miezi saba hakuwa amelitilia maanani. Akiwa anakula, donge halipo kabisa. Linarudi akikaa kimya kwenye cherehani, akimeza mate matupu.

Daktari alimpapasa shingo kuangalia tezi, akauliza kama amepungua uzito, kisha akapitisha puani mrija mwembamba wenye kamera. Hapakuwa na uvimbe. Palikuwa na wekundu kidogo nyuma ya zoloto, jambo ambalo peke yake halithibitishi kitu. Ndipo akaulizwa kuhusu kiungulia. Akacheka. Kiungulia anacho tangu mimba ya mtoto wa mwisho, akalizoea kama mtu anavyozoea kelele za daladala. Hakudhani kama ni habari ya kumwambia daktari wa koo.

Hali hii madaktari huiita globasi: mtu anahisi donge kooni wakati donge halipo na kumeza chakula hakuna shida. Si ugonjwa adimu. Zamani walioipata, hasa wanawake, waliambiwa wana matatizo ya akili, na hata jina la kitabibu lilibeba dharau hiyo. Mwaka 1968 daktari aitwaye Malcomson alipendekeza jina hilo liachwe, baada ya kuona kwamba wengi wa wagonjwa hao hawakuwa na tatizo la namna hiyo.

Kiungulia kinaingiaje? Chini ya umio kuna msuli unaofanya kazi kama mlango: unafunguka chakula kishuke, kisha unafunga. Mlango ukilegea, tindikali ya tumboni hupanda. Ikiishia kifuani, mtu huhisi moto. Ikifika juu, koo hukereka, sauti hukauka asubuhi, na misuli ya koo hukaza. Huo mkazo ndio unaoweza kuhisiwa kama kitu kilichokwama. Msongo wa mawazo nao hukaza misuli hiyohiyo. Si bure Waswahili husema mtu amekabwa na donge anapozuia kulia. Na mwenye hofu hujikohoza na kumeza mate mfululizo, jambo linalozidi kulikera koo.

Tiba yake ilianzia jikoni, na haikuwa rahisi. Yeye hufunga ofisi saa mbili usiku, chakula huiva saa nne, saa nne na nusu wote wamelala. Ushauri ni kupisha angalau saa tatu kati ya kula na kulala. Walichoweza ni kuhamisha mlo mkubwa mchana, na usiku kula kidogo mapema, watoto wakisaidia kupika. Samaki wa kukaanga na pilipili havikufutwa, vilipunguzwa. Kahawa ya jioni iliachwa. Mume wake alitafuta vipande vya mbao akainua miguu ya kitanda upande wa kichwani, kama sentimita 15. Kurundika mito hakusaidii sana, kwa sababu hukunja tumbo na kulibana. Kulala ubavu wa kushoto kunasaidia. Kwa walionenepa, kupunguza kitambi husaidia pia.

Aliandikiwa pia omeprazole kwa wiki nane, kunywa nusu saa kabla ya kifungua kinywa. Wengi hukosea hapa: wanameza siku kifua kinapowaka tu, halafu wanasema dawa haifanyi kazi. Kwa donge lisiloambatana na kiungulia, dawa hizi mara nyingi hazisaidii sana, hivyo si za kujinunulia mwaka mzima.

Hata hivyo, hofu ya shangazi haikuwa ya kijinga. Afrika Mashariki iko kwenye ukanda wenye saratani ya umio kwa wingi, na hapa huwapata hata watu wa chini ya miaka 50. Sigara na pombe huongeza hatari, na mwaka 2016 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani liliviweka vinywaji vyenye joto la zaidi ya nyuzi 65 katika kundi la vitu ambavyo yaelekea husababisha saratani hiyo. Chai iache ipoe kidogo.

Asiyepaswa kusubiri ni yule ambaye chakula kinakwama kweli, kwanza nyama na ugali, baadaye hata uji. Vilevile mwenye maumivu akimeza, anayekonda bila sababu, anayetapika damu au kupata choo cheusi kama lami, mwenye uvimbe shingoni, au ambaye sauti imekauka zaidi ya wiki tatu. Maumivu ya kifua yanayosambaa mkononi au tayani, yakiambatana na jasho, ni ya dharura. Yasitulizwe kwa maziwa. Na mtoto akisema ghafla kuna kitu kooni, usifikirie globasi. Huenda amemeza sarafu au betri ndogo ya saa, na betri inaweza kuunguza umio ndani ya saa mbili.

Mama wa Mbagala bado hulisikia donge lake, hasa wiki ya ada za shule. Tofauti ni kwamba sasa kando ya cherehani kuna chupa ya maji. Likija, anapiga funda moja badala ya kujikohoza, anaendelea kushona. Ile namba ya mzee wa kimeo ameifuta, na jirani bado hajaridhika na maelezo.