Jane Goodall alianzia kwenye banda la kuku



Tarehe 1 Oktoba 2025 Dkt. Jane Goodall alifariki huko California, Marekani, akiwa kwenye ziara ya mihadhara. Alikuwa na miaka 91. Wengi tunamjua kwa sokwe wa Gombe, Kigoma. Kijana mmoja wa Kabuku akaniuliza, "Sasa afisa, huyo mama wa sokwe anatuhusu nini sisi wa kuku?" Nikamwambia, huyo alianza na kuku.

Alipokuwa mtoto mdogo Uingereza alipelekwa shambani, akapewa kazi ya kuokota mayai. Akawa anauliza kila mtu yai linatokea wapi. Hakuna aliyemjibu akaridhika. Basi akaingia bandani, akajificha, akatulia masaa kadhaa mpaka kuku akaja kutaga mbele yake. Nyumbani wanamtafuta kila mahali! Aliporudi, mama yake hakumgombeza, alikaa akamsikiliza hadithi yote.

Ninyi mna kuku 300, wengine 500. Nani ameshakaa bandani nusu saa bila simu, anaangalia tu?

Gombe alifika tarehe 14 Julai 1960, akiwa na miaka 26, hana digrii (hapo sisi wa diploma tunajisikia vizuri kidogo). Alichofanya ni kilekile cha bandani: kukaa, kutulia, kuandika. Mmoja wa sokwe, aliyempa jina David Greybeard, alimwona akichokonoa mchwa kwenye kichuguu kwa kutumia jani. Baadaye wasomi wa Cambridge wakamwambia amekosea, wanyama wanapewa namba, sio majina. Hakuwasikiliza.

Mimi mwaka wangu wa kwanza kazini niliingia banda moja na fomu mkononi. Nikauliza chakula, nikahesabu, nikasaini. Kwenye kona kulikuwa na kuku watatu wamejikunyata, mbawa zimelegea. Mwenyewe akasema ni jua tu, nikakubali, maana nilikuwa na haraka. Kumbe chanjo ilipitwa, na ile ilikuwa kideri. Wiki iliyofuata banda lilikuwa karibu tupu. Kideri hakina dawa, kina chanjo tu, ile ya tone la jichoni, na inarudiwa kila baada ya miezi 3. Wale watatu bado nawakumbuka.

Sasa tuseme ukweli, Jane aliacha kabisa kula nyama, kwa kuchukizwa na ufugaji wa kubananisha wanyama. Mimi nyama nakula, ninyi mnaiuza, hapo hatuko naye. Ila nendeni mnadani muone ng'ombe anavyopandishwa kwenye lori kwa fimbo. Pale alipopigwa nyama inavilia damu, mchinjaji anakata anatupa, na hela yako inaenda hapo. Tena Sheria ya Ustawi wa Wanyama Na. 19 ya mwaka 2008 inakataza ukatili huo, ingawa mnadani utadhani haipo.

Yule wa Kabuku juzi kanitumia picha ya daftari lake: "Jike jekundu la kona, halijala tangu asubuhi." Nimemwambia alitenge, chombo chake cha maji asikichanganye na vya wengine, na aniandikie kinyesi kina rangi gani. Alhamisi napita kwake.